Unataka Idumu Mpaka Lini?

Ugonjwa ule ulianza na skrubu. Skrubu yenyewe ndogo, nyembamba kama punje ya mchele, ilimponyoka Rubani vidoleni ikaangukia ndani ya kompyuta ya mteja. Akacheka. "Leo mkono umelala," akasema. Mdogo wake wa kike, Bisibisi, aliyekuwa upande wa pili wa meza, akacheka naye, maana miaka kumi na moja ya kukaa meza moja alikuwa hajamwona kaka yake akiangusha kitu. Kesho yake zikaanguka mbili. Wiki ilipoisha Bisibisi alikuwa ameacha kucheka.

Bisibisi ni jina la mtaani, lakini lilimshika hata nyumbani. Jina la Rubani lilikuwa la zamani zaidi. Akiwa na miaka sita alipanda juu ya kabati la mama yao, akatandaza mikono, akaruka, akavunja bega. Walipomuuliza alikuwa anakwenda wapi, alijibu huku analia, "Juu." Hakuwahi kupanda ndege ya kweli maisha yake yote. Alikuja kuwa fundi kompyuta mwenye chumba kimoja kinachotazama barabara: mlango wa bati, meza ndefu iliyotandikwa mpira, na madroo kumi na mawili yaliyoandikwa kwa chaki nini kimo na nini kimekufa.

Hapo ndipo alipomfundisha mdogo wake kazi. Bisibisi alikuwa ameishia darasa la saba, na alipofika mezani hakujua hata upande wa kushika koleo. Rubani alimfundisha kufumba macho skrubu ikianguka, asikilize: imegonga bati, imegonga plastiki, au imegonga mahali itakapounguza kitu. Alimfundisha kusoma lebo ya kila boksi kabla ya kulifungua, mbele na nyuma, hata kama ana haraka. Na alimfundisha swali.

Mteja akija kutengenezewa kompyuta mpya, Rubani aliweka vifaa vyake chini kwanza, akamtazama usoni, akauliza, "Unataka idumu mpaka lini?"

"Milele, fundi!"

"Milele sinayo. Sema miaka."

Kisha angeeleza, na Bisibisi aliyasikia maelezo yale mpaka akayajua kama jina lake. Mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu ndani ya kompyuta, ni nyumba. Prosesa, ile inayofikiri, ni mpangaji. Mpangaji akizeeka unamtoa, unaingiza mwenye nguvu. Lakini kila nyumba ina mlango wake, na mlango haupitishi kila mtu. Kuna mazabodi ambazo ukoo wao umefika mwisho: prosesa mpya za mlango ule hazitengenezwi tena. Ni rahisi, zinapatikana, leo zinafanya kazi vizuri. Kesho yake ndiyo haipo. Na kuna ukoo mpya, ghali, ambao bado unazaa.

"Mtu wa mwaka mmoja ukimpa nyumba ya miaka kumi, umemwibia," alikuwa akisema. "Na mtu wa miaka kumi ukimpa nyumba ya mwaka mmoja, umemwibia vilevile. Fundi mwizi si lazima achukue kitu."

Sasa mikono ile ilikuwa inapimwa hospitali. Daktari alikuwa mama mwenye sauti ya chini. Rubani alimwambia, "Maneno mpe mdogo wangu. Mimi nitaulizia kwake. Huyu akinidanganya nitamjua tu." Wakamwacha kitandani anafunga vifungo vya shati, wao wakatoka, wakasimama ukumbini karibu na kitoroli cha mashuka.

"Misuli inakufa mmoja mmoja," daktari alisema. "Mikono ndiyo itatangulia. Nampa miezi mitatu, minne, ya kushika kitu. Kisha kifua. Mwaka mmoja ni mwingi, mwanangu. Mtayarishe."

Bisibisi aliporudi ndani, kaka yake alikuwa amefika kifungo cha pili.

"Amesemaje?"

"Amesema tuendelee na mazoezi."

Rubani akaendelea na kifungo cha tatu. Hakuuliza tena siku ile.

Alipoacha kufanya kazi, alihamia chumba cha nyuma ya duka, na chumba kile akakigeuza kiwanja cha ndege. Kulikuwa na ofisi iliyofungwa mtaa wa pili, na kutoka kule alikuwa amepata monita tatu za ukubwa mmoja. Bisibisi alizifuta, akazipanga mbele ya kitanda, ya katikati wima, za pembeni zimekunjwa kama mabawa. Mchezo ulikuwa ule wa kuendesha ndege kama ya kweli, wenye saa na vitufe vyake vyote. Katikati unaona barabara ya kurukia, kushoto unaona bawa na mashamba, kulia bawa na mji. Mbele yake kulikuwa na mtaimbo mfupi wa kuongozea ndege ile, ulionunuliwa ukiwa umeshatumika, mpira wa mpini wake umelika.

Shida ilikuwa moja. Kwa monita moja ndege iliruka vizuri. Kwa tatu, ikifika juu ya mji wenye majumba mengi, picha ilikatakata kama mtu mwenye kigugumizi. Kadi ya picha haikuwa na kosa, ilikuwa na nguvu za kutosha na matundu yake matatu. "Anayekabwa ni prosesa," Rubani alisema. "Anaulizwa maswali mengi kuliko pumzi aliyo nayo."

Na alitaka irekebishwe kabla ya likizo fupi ya shule, wiki tatu mbele. Binti yake, mtoto pekee, alikuwa na miaka kumi na minne na aliishi na mama yake mji wa mbali, safari ya kutwa nzima. Baba na mwana walipendana kwa simu. Mtoto alicheza mchezo uleule kwenye simu yake ndogo, na alikuwa akimtania baba yake bila huruma.

"Wewe baba unajua kupaa tu. Ukifika wakati wa kutua unaua abiria wote."

"Basi njoo unifundishe kutua, nami nikufundishe kupaa."

"Nitakutoza nauli!"

Asubuhi moja, mvua ikipiga bati, Bisibisi aliingia chumba cha nyuma na vitu viwili. Mkono mmoja ulikuwa na prosesa iliyotoka droo la saba, imefungwa kwenye karatasi laini, ile kubwa kuliko zote ambazo mazabodi ya Rubani ingeweza kupokea. Mkono wa pili ulikuwa na karatasi aliyoandika mwenyewe: mazabodi mpya, ramu mpya za kutunzia kumbukumbu, prosesa ya ukoo mpya, vyote vya kuagizwa mbali.

Rubani akajiinua kwenye mto. "Haya, fundi. Nihudumie."

"Acha mchezo, kaka."

"Mchezo gani? Mimi mteja. Nimeingia dukani, nimevua viatu. Niulize unachowauliza wateja."

Bisibisi akacheka kidogo, kisha akaona kaka yake hacheki.

"Unataka idumu mpaka lini?" akauliza.

"Hilo ndilo silijui," Rubani akasema polepole. "Aliyeongea na daktari ni wewe. Basi nichagulie wewe. Kama fundi."

Mvua ilikuwa nyingi, lakini Bisibisi aliisikia kwa mbali. Prosesa ile ya drooni ilikuwa kiganjani, nyepesi, ina pembe. Kuibadilisha ni kazi ya dakika kumi. Kabla ya chakula cha mchana kaka yake angekuwa juu ya mji, picha haikatiki sana, mikono bado inashika. Ila akiitoa hiyo, atakuwa amesema yote yaliyosemwa karibu na kitoroli cha mashuka. Akaitazama mikono ya kaka yake juu ya shuka, ile iliyomwelekeza yeye kushika koleo. Akafunga kiganja.

"Chukua nyumba mpya," akasema. "Hii ya zamani ukoo wake umeisha, utajuta bure. Ile mpya, miaka mitano mbele bado unabadilisha prosesa tu."

"Mitano?"

"Mitano, kaka."

Rubani akamtazama. Halafu uso ule uliokuwa umejikaza tangu hospitali ukalegea, ukakunjuka kidogokidogo, mpaka akaonekana kama kijana. "Na wewe huwezi kuniibia mimi," akasema.

"Nikuibie ili iweje?"

Akamwomba ampigie simu binti yake na kumwekea sikioni. Bisibisi alipiga. Akabaki ameishika simu, kwa hiyo alisikia kila neno.

"Binti yangu, usije likizo hii. Hapana, sikiliza. Naagiza mashine mpya kabisa, huenda isiwahi. Wewe soma, ukae na mama yako. Njoo likizo ndefu, mwisho wa mwaka, ukae mwezi mzima. Muda upo, mwanangu. Shangazi yako fundi amenihakikishia."

Kulikuwa na nafasi ya kusema. Mtoto upande wa pili alikuwa amenyamaza, anameza huzuni yake, na ukimya ule ulikuwa mrefu kiasi cha kupitisha sentensi moja. Bisibisi aliiacha ipite. Akakata simu, akatoka na kikombe kisichokuwa kichafu kwenda kukiosha.

Barazani walipakana na Mama Cherehani, mshonaji, mwanamke mwenye pini mdomoni na maneno pembeni ya pini. Aliona mazabodi ya zamani na prosesa ya drooni vinafungwa kwenye boksi kwa ajili ya mpiga picha wa mtaa wa juu, aliyevinunua, na pesa yake ndiyo ingetimiza bei ya vile vipya.

"Kwa hiyo mgonjwa atachezea nini?"

"Kuna mpya zinakuja. Wiki mbili."

"Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Ungemwekea hicho kilichopo."

"Wewe shona, mama."

"Nashona. Ila nguo ya mgonjwa huwa naishona kwanza," akasema Mama Cherehani, akarudi kwenye cherehani yake.

Vitu vilifika siku ya kumi na saba. Bisibisi alikuwa na haraka ya mtu anayekimbia deni la moyo. Alichana boksi, akafungia kila kitu palepale chumbani, Rubani akielekeza kwa kidevu. Likawa jambo zuri, dada na kaka kama zamani. Akabonyeza kitufe. Feni zikazunguka. Monita tatu zikabaki nyeusi.

Wakatoa ramu, wakarudisha moja. Wakachomoa kadi ya picha. Wakabadilisha waya. Nyeusi.

"Niletee boksi," Rubani akasema hatimaye. Bisibisi alimwinulia machoni. Akasoma lebo ya nyuma kwa muda. "Mazabodi hii imekaa rafuni mwaka mzima. Prosesa hii imezaliwa juzi. Kile kiprogramu cha ndani, kinachoamka kabla ya vyote, hakimjui huyu mpangaji. Anabisha hodi, mwenye nyumba anauliza nani." Kisha, bila ukali, "Hukusoma lebo?"

"Sikusoma."

Mazabodi nyingine zina kitufe cha kulishia programu mpya bila kuhitaji prosesa. Hii haikuwa nacho. Ilitaka prosesa ya mwanzo ya ukoo uleule, iwekwe, mazabodi iamke, ilishwe, ndipo mpya iingie. Bisibisi alizunguka kwa mafundi wote anaowajua. Kila mmoja alifungua droo lake, na kila droo lilikuwa na ukoo wa zamani. Huo mpya ulikuwa bado haujafika kwao. Aliyekuwa wa kwanza kuuleta pale mjini ni yeye.

Akairudisha kwa basi la mizigo, kwenye duka la mbali ilikotoka. Wakamwambia wiki moja. Wiki moja ikazaa nyingine, na ile nayo ikazaa.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini Bisibisi aliona kuwa huumiza mikono pia. Mkono wa kulia ndio uliotangulia kulala kabisa, kuanzia kidole gumba. Alimkata kucha, akamlisha kwa kijiko, akajifunza kumvalisha shati kwa kuanzia mkono mgonjwa. Wakati ule likizo fupi ilikuja ikaisha. Mtoto alipiga simu siku ya kwanza ya likizo. "Baba, nije tu?" Baba akasema, "Subiri, mashine haijarudi. Utakuja kutazama ukuta?" Alikuwa na furaha ya kweli alipoyasema hayo. Bisibisi alikuwa mlangoni na beseni la maji.

Siku nyingine Rubani alisema, "Zifunike hizo monita. Naona watu watatu wananitazama, na wote ni mimi." Akazifunika kwa shuka.

Mazabodi ilirudi baada ya wiki sita. Safari hii alisoma lebo, akasoma na karatasi ya fundi wa dukani, akafunga taratibu. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeingia mpaka miguuni pa kitanda. Akabonyeza kitufe na mwanga ukajaa kwenye monita zote tatu.

Lo, ilikuwa nzuri. Ndege ilisimama mwanzo wa barabara, na kulia na kushoto mabawa yalijaa chumba. Majani ya pembeni yalitikisika moja moja. Mji ulionekana kwa mbali, madirisha yake yote, na picha haikukatika hata mara moja. Rubani akanyoosha macho kuelekea mtaimbo.

Bisibisi alimwinulia mkono wa kushoto, ule uliobaki na uhai kidogo, akaukunjia vidole kwenye mpira uliolika. Vikateleza. Akavikunja tena. Vikateleza. Alichana kitambaa, akaufunga mkono kwenye mtaimbo, mizunguko mitatu, fundo la polepole lisiumize.

"Vuta, kaka."

Mshipa wa shingo ukasimama. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Mtaimbo haukusogea.

"Vuta wewe," akasema.

Akavuta yeye, mkono wake juu ya mkono wa kaka. Ndege ikakimbia, ikapaa, ikaelekeza pua juu mno kama mlevi anayetafuta nyota, ikakosa nguvu, ikalala upande, ikaanguka juu ya mapaa.

"Umeua abiria wote," Rubani akasema, akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikujua njia ya kutoka, kwa sababu kifua nacho kilikuwa kimeanza. Bisibisi alimshika mgongo mpaka kilipotulia. Ilichukua muda.

"Bisibisi."

"Naam, kaka."

"Daktari alisema mpaka lini?"

Safari hii alimwambia. Alimwambia mikono, kifua na mwaka. Alimwambia kila kitu akiwa amepiga magoti, anafungua fundo la kitambaa, macho yake kwenye fundo.

Jua likahama kutoka miguuni pa kitanda.

"Umeniibia," akasema. Hakupandisha sauti, wala hapakuwa na nguvu ya kuipandisha. "Mpigie mtoto. Aje kesho."

Mtoto hakuja kesho. Palikuwa na mitihani, palikuwa na ruhusa ya kuombwa, na mama yake naye alihitaji kuelezwa, maana kila mtu kule alijua muda upo. Alipanda basi Alhamisi. Jumatano, kabla ya adhuhuri, Rubani alikuwa amebebwa kwenda hospitali akiwa hawezi kuvuta pumzi. Binti alimkuta na kifuniko cha hewa usoni. Maneno hayakuwepo tena. Yalikuwepo macho, na macho yalimfuata kila aliposogea. Alikaa siku tatu pale pembeni, akimpangusa na kumweleza habari za shule. Alfajiri ya Jumapili macho nayo yakaacha.

Siku moja kabla ya kurudi kwao, mtoto aliingia chumba cha nyuma. Kitanda kilikuwa kimevuliwa godoro. Bisibisi alikuwa akikunja nguo, mashati yale ambayo vifungo vyake alivijua vyote.

"Shangazi, naweza kuiwasha?"

"Ni yako, mwanangu. Iwashe."

Akaketi kwenye ukingo wa mbao za kitanda, akashika mtaimbo kwa mikono miwili. Akaipaisha vibaya, ikayumba, lakini ikaenda. Akazunguka juu ya mji mara moja. Halafu akaanza kushuka, akipunguza mwendo kidogokidogo, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama babake alivyokuwa akifanya juu ya skrubu ndogo. Magurudumu yakagusa barabara, yakaruka kidogo, yakagusa tena, yakatulia.

"Hivi ndivyo nilivyotaka kumwonyesha," mtoto akasema. Hakugeuka. "Nilitaka kuja ile likizo fupi. Nilikuwa nimeshafunga begi. Baba akasema muda upo, eti wewe ndiye uliyemwambia."

Bisibisi alikuwa na shati mkononi. Akalifunga kifungo cha kwanza, kisha cha pili.

"Shangazi? Ulimwambia kweli?"

"Nilimwambia."

Mtoto akageuka akamtazama, akasubiri maneno mengine. Kwenye monita tatu ndege ilikuwa imesimama mwisho wa barabara, injini zikiunguruma. Majani pembeni yalitikisika moja moja, na picha haikukatika hata mara moja.